Saa za jua la La Ciotat: jibu kwa mama aliyehama kutoka Mombasa na watoto wadogo

Swali: Familia yetu imehamia La Ciotat, mji mdogo wa pwani kati ya Marseille na Toulon, kusini mwa Ufaransa, kwa kuwa mume wangu, fundi wa mitambo ya meli, amepata kazi katika karakana za mjini hapa. Tulifika mwishoni mwa Mei tukitokea Mombasa. Binti yetu ana miaka 4 na mdogo wake wa kiume ana miezi 20. Tangu Juni ianze hawalali kabla ya saa 4 usiku, mchana wanalialia, na tukirudi kutoka ufukweni wanakuwa hoi, ingawa tunakwenda saa zilezile tulizozoea kwenda Nyali, yaani saa 9 alasiri. Mume wangu anasema jua tumezaliwa nalo, watazoea. Je, siku ya watoto hawa tuipangeje?

Jibu: Dada yangu, kwa maelezo uliyonipa watoto wako hawaumwi, wala hakuna ubaya kuwapeleka baharini. Shida ni kwamba mmezichukua saa za Mombasa mkaja nazo mahali ambapo jua lina saa zake nyingine. Mume wako amesema kweli kwamba jua mmezaliwa nalo, lakini jua hilo huchomoza karibu saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni, Januari kama Julai, na kila mama wa pwani yetu amejifunza bila kufundishwa kupanga uji, mchezo, usingizi wa mchana na chakula cha usiku kwa kulitazama. La Ciotat iko takriban nyuzi 43 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la hapo huchomoza karibu saa 12 asubuhi lakini halizami mpaka saa 3 na dakika 20 usiku. Mwishoni mwa Desemba huchomoza saa 2 asubuhi na muda mfupi baada ya saa 11 jioni limekwisha kuzama. Mwili wa mtoto mdogo hausomi saa ya ukutani bali husoma mwanga, na mwanga wa huko ukiachiwa uamue, utamlaza mtoto saa 4 usiku wakati wa kiangazi na kumfungia ndani alasiri nzima wakati wa baridi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: shikeni mambo matatu yasiyohama hovyo, yaani milo, usingizi wa mchana na maandalizi ya kulala, na mambo ya nje, kama bahari, bustani na soko, yaacheni yahame kufuatana na majira. Wazazi wengi wanaotoka nchi za ikweta hufanya kinyume: saa ya kutoka nje wanaishikilia kwa sababu ndiyo waliyoizoea, na usingizi wanauacha ujipe wenyewe.

Nianze na usiku, maana hapo ndipo mchana wenu unapoharibika. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi katika siku nzima, wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, zote zikihesabiwa pamoja na usingizi wa mchana. Anayelala saa 4 usiku na kuamshwa na mwanga wa saa 12 asubuhi amepata saa 8 tu, na hata akisinzia kidogo mchana deni linabaki. Mwanga wa jioni huuzuia mwili kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi, na macho ya watoto wadogo hupitisha mwanga mwingi kuliko yetu, kwa hiyo kumwambia binti yako kwamba sasa ni usiku huku akiliona jua dirishani ni kumwomba asiyoyaweza. Dawa iko ukutani mwa nyumba yenu. Nyumba nyingi za kusini mwa Ufaransa zina mbao zinazofunika madirisha kwa nje. Zifungeni saa moja kabla ya muda wa kulala, na fanyeni maandalizi yaleyale kila siku kwa mpangilio uleule: kuoga, maziwa, hadithi, taa kuzimwa. Saa 2 na nusu usiku ni muda unaofaa kwa mdogo wakati wa kiangazi, na saa 3 kwa dada yake. Msijilaumu kwamba hamfuati saa 1 na nusu ya Mombasa. Julai na Agosti watoto wa mji mzima wako nje jioni, na jioni hizo ni sehemu nzuri ya maisha ya huko ambayo sipendi wenu waikose. Lakini mwenye kulala saa 3 lazima awe amepumzika mchana, hata binti wa miaka 4. Asipopata usingizi, alale kwenye chumba chenye giza kwa saa nzima akiwa na kitabu cha picha.

Sasa mchana. Saa za Ufaransa wakati wa kiangazi ziko mbele ya jua. Mombasa jua hufika utosini muda mfupi baada ya saa 6 mchana. La Ciotat, katikati ya kiangazi, hufika juu kabisa karibu saa 7 na dakika 40, na joto la hewa huendelea kupanda hadi saa 10 au 11 jioni. Mnapotoka nyumbani saa 9 alasiri mkidhani jua limeshapinda, kama ambavyo lingekuwa Nyali, mnaingia katika sehemu ngumu kuliko zote ya siku: miale bado ni mikali, mchanga umeshika moto, na joto halijafika kilele. Tokeni saa 2 asubuhi, mrudi saa 4 na nusu au saa 5 kasoro. Chakula cha mchana kiwe saa 6 na nusu, usingizi uanze saa 7 na uishe saa 9, kisha matunda na mchezo wa ndani mpaka saa 11 na nusu jioni, ndipo mtoke tena. Kwa ukali wa miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, jua la Mombasa linalizidi la huko. Kinachozidi huko ni urefu wa siku, zaidi ya saa 15 za mwanga mwezi Juni, na mtoto anayekaa nje sehemu kubwa ya saa hizo hupigwa na jua jingi hata kama hakuna saa moja iliyomwunguza. Ngozi nyeusi hukinga, lakini haikingi kabisa, na uwekundu wa kuungua hauonekani juu yake kwa urahisi. Mguse mabega na shingo jioni, na ukikuta ngozi ina joto na mtoto anaruka kwa maumivu, ameungua. Kofia pana, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea na kivuli vinatangulia. Krimu ya kukinga jua hupakwa sehemu zilizobaki wazi, na hupakwa upya kila mkitoka majini.

Kuna jambo la nyumba ambalo litakupa tabu kulikubali. Mombasa tunafungua madirisha kutwa ili upepo wa bahari upite. Huko, siku za joto kali, wenyeji hufunga madirisha na mbao zake mapema asubuhi hewa ya nje inapoanza kuwa na joto kuliko ya ndani, hukaa kwenye giza nusu mchana kutwa, kisha hufungua kila kitu baada ya jua kuzama na kuacha ubaridi wa usiku uingie. Kuta nene za nyumba za zamani huutunza ubaridi huo mpaka alasiri ya siku ya pili. Fanyeni hivyo, lakini kabla ya kufungua madirisha usiku, ondoeni kitanda, kiti au sanduku lolote lililo chini ya dirisha au kwenye roshani, kwa sababu watoto wa umri wa wenu huanguka kutoka ghorofani kila kiangazi nchini Ufaransa, na mara nyingi walikuwa wamepanda juu ya kitu ambacho mzazi alikiona hakina madhara.

Bahari nataka niizungumze kwa kirefu, kwa kuwa mtu wa pwani ndiye anayeidharau bahari ya wengine. Huko Nyali na Bamburi mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi mbali, na maji yakipwa mtoto anabaki na vidimbwi vya magotini vya kuchezea. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3. Bahari ya Mediterania karibu haina kupwa na kujaa. Katika pwani ile tofauti ni ndogo sana. Maji yako palepale asubuhi na jioni, hakuna saa ambayo ufuo unamwachia mtoto nafasi salama, na katika sehemu nyingi kina huongezeka hatua chache kutoka ukingoni. Fukwe za mchanga za mji wenu zina mteremko mpole kuliko vighuba vya mawe vya jirani, hivyo kwa watoto hawa chagueni hizo. Mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono, asiwe na simu, na mjue waziwazi kati yenu wawili ni zamu ya nani. Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele; huinamisha uso majini na kunyamaza.

Fukwe zinazolindwa huwa na bendera. Ya kijani maana yake maji ni tulivu na waokoaji wapo, ya njano hatari ipo lakini kuogelea kunaruhusiwa, nyekundu kuogelea ni marufuku, na ya zambarau inaonya juu ya uchafuzi au viumbe wenye madhara. Bendera mbili, kila moja nusu nyekundu na nusu njano, huonyesha mipaka ya eneo linalolindwa. Hapa kuna mgongano na ratiba niliyowapa, na afadhali niuseme: saa za jioni zenye jua pole mara nyingi ndizo ambazo waokoaji wameshaondoka. Jioni, basi, iwe ya mchanga, ndoo na miguu majini. Kuogelea kwenyewe kufanyike waokoaji wakiwapo. Namba ya dharura baharini ni 196, na ya dharura yoyote ni 112.

Kisha kuna upepo. Nyinyi mnazijua kaskazi na kusi, pepo zenye miezi yake. Mistral haina mwezi. Ni upepo mkavu wa kaskazini magharibi unaoshuka kupitia bonde la mto Rhône, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga safi isiyo na wingu, na katika ghuba ya La Ciotat huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Mambo mawili hufuata, na yote yananihusu kama mtaalamu wa watoto. La kwanza, boya au godoro la kupulizia lenye mtoto juu yake husukumwa kwenda maji makuu kwa kasi ambayo mwogeleaji hawezi kuifikia. Siku ya upepo huo vitu vya kupulizia vibaki nyumbani. La pili, upepo huyasukuma maji ya juu yenye joto kwenda mbali na kuyaacha ya chini yapande, kwa hiyo bahari iliyokuwa na nyuzi 24 za Selsiasi juzi inaweza kushuka mpaka 17 au chini yake katikati ya Julai. Mtoto aliyezoea maji ya Mombasa, ambayo hayapungui sana chini ya 25 mwaka mzima, hajui kwamba anapata baridi, anaendelea kucheza. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usisubiri kuona midomo ya buluu kwa nje. Ivute midomo kidogo uangalie rangi ya ndani, angalia kucha, na mtoe mara anapoanza kutetemeka au kunyamaza.

Yavuyavu huja makundi kwa makundi katika baadhi ya siku za kiangazi. Mtoto akichomwa, mmwagieni maji ya bahari, si ya bomba, msisugue kwa taulo, na mkwangue mabaki yaliyonata kwa kadi ngumu.

Kuhusu maji ya kunywa, mtoto wa miezi 20 hataomba. Mpe kidogo kidogo kila nusu saa mkiwa nje, na uhesabu nepi: nepi inayokaa kavu kwa saa 6, mdomo mkavu, kilio kisicho na machozi au usingizi usio wa kawaida ni sababu ya kupiga simu namba 15, ya dharura ya matibabu, na kuuliza, bila kungoja. Maji ya bomba ni salama kwa kunywa. Na msimwache mtoto ndani ya gari hata kwa dakika ya kununua mkate.

Mbu mtamkuta huko pia, ingawa wa huko ni wa aina nyingine. Ni yule mdogo mweusi mwenye mistari myeupe, anayeuma mchana. Haenezi malaria, lakini anaweza kueneza dengi. Yamwageni maji yanayotuama kwenye visahani vya maua kila wiki, na chandarua cha kitanda cha mdogo kitumike hata kwa usingizi wa mchana.

Majira ya baridi mtayaona yana jua na mtadhani hayana neno. Ni kweli anga ya Desemba hapo mara nyingi ni ya buluu, lakini jua la mchana halipandi zaidi ya nyuzi 24 hivi juu ya upeo, na kwa miezi kadhaa miale inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi haifiki kwa kiasi cha kutosha. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuitengeneza hata jua linapokuwa zuri. Kwa hiyo mtoto anayecheza kwenye jua kila siku huko bado anaweza kupungukiwa, jambo ambalo wazazi wetu hawaliamini mpaka miguu ya mtoto ianze kupinda. Mapendekezo ya madaktari wa watoto wa Ufaransa ya mwaka 2022 yanataka vitamini D itolewe kila siku tangu kuzaliwa hadi miaka 18, na yanapendekeza kiwango kikubwa zaidi kwa watoto weusi kuanzia miaka 2. Mwombe daktari dawa ya duka la dawa yenye kipimo cha matone. Chupa zinazouzwa mitandaoni hutofautiana sana kwa nguvu, na kuzidisha kunadhuru figo. Ratiba nayo igeuke: wakati wa baridi saa za kutoka nje ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 alasiri, yaani zilezile nilizokukataza kiangazi.

Shule nitaipitia kwa ufupi. Tangu Septemba 2019 masomo ni ya lazima kuanzia miaka 3, kwa hiyo nendeni ofisi za manispaa sasa mkamwandikishe binti yenu, mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa, uthibitisho wa makazi na kumbukumbu za chanjo. Kwa watoto waliozaliwa kuanzia 2018 sheria ilitaka chanjo 11, na mwaka 2025 orodha hiyo iliongezwa kwa watoto wachanga. Kitabu cha kliniki cha Kenya kitaonyesha nyingi kati ya hizo, ila kwa kawaida kitakosa matubwitubwi na homa ya uti wa mgongo ya meningokoki. Kituo cha umma cha afya ya mama na mtoto, kinachojulikana kwa herufi PMI, huwahudumia bure watoto walio chini ya miaka 6; kitakamilisha chanjo hizo, kitampima mdogo wenu na kitawaelekeza kwa walezi wa mchana walioidhinishwa. Kantini ya shule za umma kwa kawaida haina nyama ya halali, lakini mlo usio na nyama hutolewa angalau mara moja kwa wiki, na sehemu nyingi zaidi ya hapo, ulizeni mnapoandikisha. Siku 10 za mwisho za Agosti rudisheni muda wa kulala nyuma kwa robo saa kila baada ya siku mbili. Na binti akikaa miezi bila kusema neno darasani, huku nyumbani anazungumza Kiswahili kama kawaida, msimshitue wala msiache Kiswahili, anasikiliza kwanza.

Hukuuliza habari zako mwenyewe, lakini ratiba hii yote imekaa juu ya mabega yako. Mombasa mtoto wa miezi 20 hupitia mikononi mwa bibi, shangazi na jirani kabla ya adhuhuri. Huko uko naye peke yako mpaka baba arudi, na ukaribu wa mama aliyechoka na mtoto aliyechoka ndio unaozaa vilio vingi vya saa 11 jioni. Ulizia PMI au manispaa mahali pa kupokelea watoto na wazazi, ambapo mama hukaa na mwanawe wa chini ya miaka 6 pamoja na wahudumu na mama wengine. Jumapili kuna soko kwenye bandari ya zamani, na watoto hulipenda. Marseille iko karibu nusu saa kwa treni. Ina jamii kubwa ya Wangazija, ambao lugha yao utaishika sehemu bila kufundishwa, na katika mtaa wa Noailles utapata muhogo, bamia, ndizi za kupika na nazi. Nenda huko na watoto asubuhi, kabla ya joto.

La mwisho ni safari ya nyumbani, kwa kuwa naamini mtakwenda kuwaonyesha bibi yao wajukuu. Kinga ndogo ambayo mtoto huipata kwa kuishi penye malaria hupungua akiondoka, na mdogo wenu hata hakuwahi kuijenga vizuri. Mwoneni daktari mwezi mmoja kabla ya kuondoka awape dawa ya kuzuia malaria inayolingana na uzito wa kila mtoto, mwendelee nayo baada ya kurudi kwa muda atakaowaambia, na Mombasa walale ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi La Ciotat, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na jambo la kwanza kumwambia daktari, kabla hata ya kutaja kiwango cha homa, ni kwamba mmetoka Mombasa na mnaomba kipimo cha malaria.